Watoto wa Ushirika

Kuna mwanamke niliyemwonea wivu nikiwa kijana, na wivu huo haujanitoka vizuri mpaka leo nina mvi. Haukuwa wivu wa mapenzi. Huo ningeusimulia kwa raha zaidi. Ulikuwa wivu wa kazini, ule unaokukalia tumboni kama kiporo cha ugali.

Yeye alikuwa mwalimu wa ukunga katika chuo kidogo cha uuguzi pembeni mwa mji wa Ifakara, miaka ya tisini. Mimi nilifundisha Kiingereza na saikolojia katika chuo hichohicho. Usikitafute. Kilifungwa zamani, na madarasa yake yamejaa magunia ya mpunga, matumizi ambayo nadhani yanayafaa zaidi. Wote tulimwita Sista, kama wauguzi wanawake wanavyoitwa; jina lake la kuzaliwa sitalitaja. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Mbingu, mwenye elimu ya kidato cha nne na stashahada ya ukunga. Mimi nilikuwa na shahada. Nilikuwa mtu pekee mwenye shahada pale chuoni, na kama kuna aliyesahau, nilikuwa na njia zangu za kumkumbusha.

Wivu wangu ulianzia kwenye majina. Katika bonde la Kilombero mama akizalishwa vizuri na mkunga aliyempenda, si ajabu akampa mtoto jina la mkunga huyo. Sista alikuwa amezalisha kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukipita mtaa wa Viwanja Sitini jioni ukasikia jina lake likiitwa kwa ukali, "Rudi hapa, nitakuchapa!", ulijua anaitwa mtoto, si yeye. Wasichana wenye jina lake walikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, kwenye kwaya, mtoni wakifua. Hata Wasukuma waliokuwa wameanza kuhamia bondeni na ng'ombe wao walilichukua wakaliita kwa lafudhi yao. Mimi nilikuwa nimefundisha vitenzi vya Kiingereza kwa miaka mitatu, na hakuna aliyempa mtoto jina langu.

Muuza mchele mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya wateja wake, "Mwalimu, eti wewe unawafundisha manesi nini?"

"Kiingereza, mama. Na saikolojia."

"Kiingereza! Kwani siku hizi mtoto anaambiwa 'kamu' ndiyo atoke?"

Walicheka hata watu wasionijua. Nilicheka nao, nikaondoka bila kuchukua chenji yangu.

Sista alinizidi miaka saba hivi. Kwa kawaida yetu hiyo ni shikamoo isiyo na mjadala. Mimi nilikuwa nambania. Kila asubuhi nilimwambia, "Habari za leo, Sista," naye akajibu, "Nzuri, Mwalimu," kwa sauti isiyo na kinyongo chochote, jambo ambalo liliniudhi kuliko kama angenikasirikia.

Mwaka ninaousimulia, nafasi ya mwalimu wa taaluma ilikuwa wazi. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyepanga ratiba, mitihani na mazoezi ya wodini. Alikuwa na ofisi yake yenye mlango unaofungwa. Nilihesabu kwamba shahada ni moja, na ni yangu. Nilikwisha kuchagua upande nitakaouelekezea mgongo wa kiti. Mkuu wa chuo, mzee mpole ambaye hakuwahi kumnyima mtu yeyote jambo lolote, alitangaza wakati wa chai, kitumbua mkononi.

"Sista atatushikia taaluma," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Mwalimu, kwa kuwa una mwandiko mzuri, utamsaidia makaratasi."

Mwandiko! Kitumbua changu nilikimaliza, maana sikutaka watu waone kimenishinda. Lakini tangu siku ile nilianza kumtafutia Sista kosa, kwa bidii ambayo kama ningeiweka kwenye somo langu, wanafunzi wangekuwa wanaota kwa Kiingereza.

Kosa nililiona kwenye vitabu vya kijani.

Kanuni ilikuwa hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuruhusiwa kufanya mtihani wa taifa mpaka awe amezalisha akina mama ishirini kwa mikono yake mwenyewe. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha kijani, na kila akizalisha, muuguzi aliyemsimamia aliandika tarehe na kutia sahihi. Mistari ishirini, sahihi ishirini, mtihani. Pasipo mtihani, hakuna uuguzi. Unarudi kwenu na sare yako.

Tatizo ni kwamba Mkuu, kwa ule upole wake, alikuwa amepokea wanafunzi wengi mno. Kila mzazi aliyekuja na binti na machozi alikubaliwa. Wodi ya wazazi tuliyokuwa tukiitumia ilikuwa na vitanda vinne, na wakati mwingine siku mbili zilipita bila mama kuja. Wanafunzi wangezalisha nini? Ndipo ikazuka desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Mama mmoja alizungukwa na wanafunzi watatu au wanne. Mmoja alipokea kichwa, mwingine alikata kitovu, wa tatu alipokea kondo la nyuma, na wote waliandikiwa kwamba wamezalisha. Mtoto wa namna hiyo wanafunzi walimwita mtoto wa ushirika. Tulicheka wote. Tulikuwa taifa lililozoea kulima pamoja na kuvuna pamoja; kwa nini tusizae pamoja?

Sista peke yake hakucheka. Alikuwa na kundi lake la wanafunzi sita, na alimtilia sahihi yule tu aliyefanya kazi yote, tangu kumpokea mama mlangoni mpaka mtoto kunyonya. Wengine walitazama, wakajifunza, wakatoka na mistari mitupu. Kwa hiyo wakati makundi mengine yalikuwa na vitabu vilivyojaa, vya kwake vilikuwa nusu. Mwanafunzi wake bora kuliko wote, binti aliyetoka Masagati, huko mbali kupita Mlimba, alikuwa na kumi na moja tu. Kijijini kwao walikuwa wamejenga zahanati, wameipaka chokaa, na ilikaa bila muuguzi. Walikuwa wanamsubiri yeye. Alitueleza hilo mara nyingi, kama mtu anayeeleza kwamba ana mtoto nyumbani anayelia.

Mimi sikuwahi kuingia wodi ya wazazi hata siku moja. Lakini nilijua kusoma namba. Ishirini ni nyingi kuliko kumi na moja. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wana kumi na moja ni mwalimu mbaya. Hiyo ndiyo ilikuwa saikolojia yangu.

Mwezi wa saba wakaja wakaguzi wa vyuo kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wawili, mama mmoja mtu mzima aliyezungumza kwa sauti ya chini mno, na kijana wa kiume aliyeandika kila alichosema huyo mama. Siku moja kabla, Mkuu alinipa kazi ya kupanga vitabu vya kijani juu ya meza ya ofisi.

"Vile vilivyojaa uviweke juu," aliniagiza. "Vya Sista vitie chini kabisa. Wakichoka watakuwa hawajavifikia."

"Sawa, Mzee," nikasema.

Nikaviweka vya Sista juu. Vyote sita, na cha binti wa Masagati cha kwanza kabisa, kimekaa katikati ya meza kama sahani ya mgeni. Nilisimama nikakitazama nikaona raha. Ningeweza kudai hapa kwamba nilikuwa na dukuduku kuhusu ubora wa elimu ya uuguzi. Sikuwa nalo. Nilitaka mama yule mwenye sauti ya chini afungue, aone mistari mitupu, amtazame Sista kwa yale macho ambayo watu wa Dar hututazama nayo sisi wa bondeni, halafu aulize kama hapa chuoni hakuna mtu mwenye shahada.

Akafungua. Akahesabu kwa kidole. Akafungua cha pili, cha tatu.

"Hawa ni wa nani?"

"Wangu," Sista alisema.

"Mbona wako nyuma hivi, na mwaka unaisha?"

"Hawako nyuma, mama. Akina mama ndio wachache."

Nilitazama dari nisije nikaonekana natabasamu. Mkaguzi akavuta rundo la chini, vile vilivyojaa. Akafungua kimoja, kingine, kingine. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Naomba rejista ya wodi."

Rejista ya wodi ni lile daftari kubwa ambamo kila mama anayejifungua anaandikwa. Ililetwa. Akaiweka kushoto, vitabu vya kijani kulia, akaanza kulinganisha tarehe kwa tarehe, kidole hiki huku, kidole hiki kule. Yule kijana akaandika. Feni ilikuwa haifanyi kazi, na jasho la Mkuu lilidondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Tarehe hii," mama alisema, "amezaa mama mmoja. Mtoto mmoja. Waliomzalisha ni wanne."

Akageuza ukurasa.

"Wa kwanza namwelewa. Wa pili na wa tatu najitahidi kuwaelewa. Huyu wa nne alizalisha nini?"

Mkuu alikohoa. "Huyo," alisema, "alikuwa anampepea mama. Lile joto la Ifakara si la mchezo."

Yule kijana akaandika hilo pia.

Uamuzi ulitolewa kabla ya chakula cha mchana, na wali na kuku tuliowaandalia vikapoa mezani. Chuo kisipokee mwanafunzi mpya. Watoto wote wa ushirika wafutwe vitabuni. Kila mtoto abaki na mwanafunzi mmoja, na kila mstari ulingane na rejista. Atakayefika ishirini kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa, mwezi wa kumi, atafanya mtihani. Asiyefika, hatafanya. Kwa mahesabu mapya, waliokuwa na ishirini walibaki na sita, saba. Wa Sista walibaki na zilezile walizokuwa nazo. Ghafla kumi na moja ikawa namba kubwa kuliko zote chuoni.

Wakati wa kuondoka, mkaguzi alinipa mkono.

"Mwalimu, nasikia ni wewe uliyepanga meza. Ungeweza kuvificha vile vya juu. Asante kwa uaminifu wako."

"Ni wajibu wangu, mama," nikasema. Nilisema hivyo. Na nikainamisha kichwa kidogo.

Mkuu aliniuliza baadaye, bila hasira, kwa huzuni tu, "Mwalimu, si nilikwambia?" Nikamjibu kwamba nilisahau.

Miezi mitatu iliyofuata Sista aliifanya kazi ambayo ingewashinda watu watano. Aliandika barua kwa kila zahanati na kituo cha afya bondeni, akaomba wanafunzi wetu wapokelewe wawiliwawili, popote penye akina mama wa kutosha: Mbingu, Mlimba, ng'ambo ya mto. Alihitaji mtu wa kuzunguka akilinganisha vitabu na rejista kila wiki, na akanichagua mimi.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza. Tulikuwa kwenye treni kwenda Mlimba, asubuhi, kati yetu kapu lake la ndizi.

"Kwa sababu unajua kupanga vitabu."

Yeye akamenya ndizi.

"Nilikuwa dirishani, Mwalimu. Nilikuona ukivihamisha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nimemwomba Mkuu miaka miwili apunguze wanafunzi. Kila siku, 'Tutaona, Sista, tutaona.' Ningeviweka juu mimi, ingeonekana najitafutia sifa. Ulipoviweka wewe, nikasema haya, Mungu ana watumishi wa kila aina." Akanipa nusu ya ndizi. "Kula. Mbele huko hakuna chai."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Uovu wangu mwenyewe, nilioubuni kwa akili yangu, ulikuwa umemfaa yeye.

Kila kituo nilichofika nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia, daftari magotini, nikisikia vilio vya ndani na kuandika matokeo. Kwenye benchi lilelile walikaa watoto wakubwa waliosindikiza mama zao. Ukiuliza majina, katika kila wasichana wanne watano, mmoja alikuwa na jina la Sista. Pale Mbingu walikuwa wawili wa familia moja, mkubwa na mdogo; baba yao aliniambia kwamba walishindwa kupata jingine zuri.

Namba zikapanda. Waliokuwa wamebaki na sita wakafika kumi na tatu, kumi na saba, ishirini. Binti wa Masagati, aliyekuwa Mlimba, alifika kumi na tisa zikiwa zimebaki siku nne orodha iondoke. Nilikuwepo. Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja wa Kisukuma, mimba yake ya kwanza, amepanda baiskeli ya mumewe tangu alfajiri. Binti alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akamlaza, akampima tumbo, akatega sikio kwa kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto. Akatoka nje.

"Mwalimu, treni ya kuelekea Ifakara inapita saa ngapi?"

"Baada ya saa moja hivi. Kwa nini?"

"Mtoto amelala kikingamo, kichwa kiko ubavuni. Hatatoka huyu. Anahitaji upasuaji."

Nilimtazama. "Huyu ni wa ishirini wako."

"Najua."

"Huwezi kusubiri kidogo? Labda atageuka."

Alinitazama kama ambavyo muuza mchele hakuwahi kunitazama. Muuza mchele alikuwa akinidharau kwa upendo.

"Mwalimu," alisema, "nisaidie kumbeba."

Tulimbeba kwa machela, mimi na mume, mpaka stesheni. Binti alipanda naye treni, na njia nzima, nilivyosimuliwa, alimlaza mama yule kiubavu mapajani mwake. Mama alipasuliwa hospitali Ifakara. Mtoto alilia, mama akapona. Na katika kitabu cha kijani hakuna kilichoandikwa, kwa sababu binti hakuzalisha.

Siku nne zile hakuja mama mwingine wakati wa zamu yake. Mimi ndiye niliyekuwa naandaa orodha. Nilikwenda ofisini kwa Sista, ile ofisi yenye mlango unaofungwa, nikaufunga.

"Naandika ishirini," nikamwambia. "Hakuna atakayejua. Na kama kuna aliyestahili, ni yeye."

Sista aliweka kalamu chini.

"Mama alizalia wapi?" aliuliza.

"Hospitali. Kwa daktari."

"Basi kitabu kinauliza amezalisha mara ngapi, Mwalimu. Hakiulizi kingine. Andika kumi na tisa."

"Watu wa Masagati wanamsubiri!"

"Wanasubiri mkunga," alisema. "Atakwenda akiwa mkunga." Akageukia dirishani, na hakugeuka tena mpaka nikatoka.

Niliandika kumi na tisa, kwa ule mwandiko wangu mzuri. Orodha ikaondoka bila jina lake. Wenzake walifanya mtihani. Yeye aliingoja awamu iliyofuata, akakaa mwaka mzima akifagia wodi na kusaidia zamu, na alipokutana nami njiani alinipita. Nisingeviweka vitabu vile juu kwa roho mbaya yangu, labda Mkuu angempenyezea mistari, na angeshakuwa kwao. Au angekuwa kundi jingine, angeshakuwa kwao bila kufundishwa kulisoma tumbo la mama. Nimelizungusha hilo kichwani mara nyingi, na kila mara linaishia pale ambapo mimi si mtu mzuri.

Alifanya mtihani, akafaulu. Kabla hajapangiwa kwenda Masagati alishikilia zamu miezi michache palepale Ifakara, na ndiyo miezi ambayo mke wangu alishikwa na uchungu. Tulifika saa nne asubuhi. Wauguzi wawili walikuwa zamu. Mmoja alikuwa msichana mchangamfu, ambaye zamani kitabu chake kilijaa watoto wa ushirika kabla ya kufutwa. Alikuja kutupokea. Mimi nilikuwa nikijua vile vitabu mstari kwa mstari. Nikampita, nikaenda kusimama mbele ya mwenzake.

"Naomba wewe," nikamwambia.

Alinitazama kutoka kwenye kofia yake mpaka kwenye viatu vyangu.

"Mimi wa kumi na tisa?"

"Wewe wa kumi na tisa."

Akanawa mikono.

Mtoto alikuwa wa kike. Nilipendekeza jina la marehemu bibi yangu. Mke wangu, ambaye kliniki zake zote alihudumiwa na Sista, hakugeuka hata kunitazama. "Hilo limeshapita, baba," alisema. "Nilishamwahidi." Nikataja jina la mama yake mzazi, nikidhani hapo nimempata. Akasema mama yake ndiye aliyeshauri.

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo tangu wiki ile, muuza mchele, wanafunzi wangu, fundi baiskeli, hata mhariri wa simulizi hizi ambaye hajawahi kufika Ifakara, wote wananiita Baba, halafu wanalitaja jina la Sista.

Siku ya tatu alikuja kumwona mtoto. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akamchukua.

"Shikamoo, Sista," nikasema.

Aliinua uso. Ilikuwa shikamoo yangu ya kwanza kwake katika miaka mitano.

"Marahaba, Baba..." akasema, akamalizia kwa jina lake mwenyewe, akacheka mpaka akalazimika kukaa kitandani. Binti yangu, aliyekuwa amelia mikononi mwangu siku tatu mfululizo, alikuwa amelala kifuani kwake, kinywa wazi, ametulia kabisa. Nilisimama pale nikiwatazama, nikaona wivu.